Muvi imeshutiwa dijitali, ukate tiketi ya fomati gani? Mwongozo wa kuchagua bila kupigwa

Kila muvi kubwa ikikaribia kutoka lile swali linarudi kwenye magrupu, "wakuu hii tuikate IMAX, Dolby, 3D au ya kawaida inatosha?" (IMAX ni kumbi za skrini kubwa, Dolby ni kumbi za picha na sauti za kampuni ya Dolby), na majibu yanamiminika kila mtu na lake, ila tangu Oppenheimer itoke 2023 kuna jibu moja limewakaa watu kichwani hasa walioko London na Marekani, kwamba kama unajiheshimu unatafuta mkanda wa milimita 70 basi. Kwa Oppenheimer lilikuwa jibu sahihi kabisa maana ile ilishutiwa kwenye mkanda, tena ule mpana wa milimita 65 (huo ni wa kushutia, wa kuonyeshea ndo unaitwa 70), kwa hiyo ukiiona kwenye mkanda unaiona karibu na ilivyozaliwa. Shida inaanza pale jibu hilo linapobebwa zima zima kupelekwa kwenye muvi ambayo siku ya kushutiwa hapakuwa na hata futi moja ya mkanda pale seti, na muvi nyingi unazoziona leo ndo ziko hivyo, kamera ya dijitali, kompyuta, mpaka faili linaloletwa ukumbini.

Kwa muvi za namna hiyo unachotafuta ni vitu vitatu tu, umbo la picha, mwanga wa projekta na sauti. Jina linalowaka mlangoni linakuja baadaye, na kuna siku jina kubwa ndo chaguo baya. Twende hatua kwa hatua, nyingine fupi nyingine ndefu, mnivumilie.

Hatua ya 1: ichunguze muvi kabla hujachunguza ukumbi

Fungua IMDb, ile tovuti ya taarifa za muvi, tafuta muvi yako, shuka mpaka kwenye taarifa za kiufundi. Ukiona kamera ni ARRI Alexa, Sony Venice au RED jua hiyo ni dijitali. Ukiona Kodak imetajwa, au negativu ya milimita 35 au 65, hiyo ni ya mkanda na mwongozo huu sio wake, hiyo kaitafutie ukumbi wenye projekta ya mkanda kama upo karibu nawe.

Alafu angalia palipoandikwa Digital Intermediate, hapo utakuta 2K au 4K. Hiyo ndo kopi mama, yaani baada ya kuediti na kuweka rangi na maefekti muvi imefungwa kwa ukubwa gani. Watu wengi hapa wanadanganywa na namba ya kamera. Chukua Alexa 65, yenyewe inatoa picha ya pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 6560 kwa 3100, ukisikia hivyo unadhani zote utaletewa ukumbini, hapana, faili la sinema lina viwango vyake ambavyo muungano wa studio kubwa za Hollywood uliviweka 2005, na saizi ziko mbili tu, 2K ambayo upana wake mwisho pikseli 2048, na 4K ambayo mwisho 4096. Muvi za maefekti mengi zimekuwa zikifungwa 2K kwa sababu moja rahisi sana, hela, manake 4K ina pikseli mara nne na kila meli inayolipuka lazima kompyuta izichore pikseli zote hizo, fremu 24 kila sekunde. Ukiipeleka muvi ya 2K kwenye projekta ya 4K haigeuki 4K, inakuzwa tu ikaenea.

Ila usikate tamaa ukikuta 2K. Huo wingi wa pikseli unauona ukiwa karibu na skrini tu (nitakupa hesabu yake kwenye siti huko chini), wakati weusi wa picha na mwangaza unauona hata ukikaa mstari wa mwisho kabisa karibu na mlango. Mimi kati ya 2K yenye weusi wa kweli na 4K iliyofifia nachukua 2K bila kufikiria mara mbili.

Kuna muvi zinachanganya. Dune ya 2021 ilishutiwa dijitali, ikatolewa kwenye mkanda wa milimita 35, kisha ule mkanda ukaskaniwa kurudi dijitali, ili picha ipate ule ulaini na chembechembe za mkanda. Sasa mtu anasikia "mkanda" anaanza kuitafutia projekta ya mkanda, wakati zile chembechembe zilishaingia kwenye faili zamani, utaziona kwenye ukumbi wowote wa dijitali ulio mzuri.

Kitu cha tatu kwenye taarifa hizo hizo ni uwiano wa picha, na huo unastahili hatua yake peke yake.

Hatua ya 2: jua umbo la picha, hapa ndo IMAX inashinda au inashindwa

Uwiano ni upana gawanya kwa kimo. Muvi nyingi kubwa ni 2.39, yaani ndefu na nyembamba kama unavyoziona kwenye tivi zikiwa na mistari meusi juu na chini. Nyingine ni 1.85, karibu sawa na tivi yako. Alafu kuna mbili za IMAX: 1.90 ambayo ndo ya kumbi nyingi za IMAX duniani, na 1.43 ambayo inakaribia mraba na inapatikana kwenye kumbi chache mno.

Ili uone tofauti chukua skrini ya upana wa mita 20. Picha ya 2.39 itakuwa na kimo cha mita 8 na kitu, ya 1.90 mita 10 na nusu, ya 1.43 mita 14. Upana ni ule ule, kinachoongezeka ni juu na chini. Ndo maana IMAX wanatangaza kwamba utaona picha zaidi kwa asilimia 26, hiyo ni ya 1.90 ukilinganisha na 2.39, na kwenye 1.43 inafika asilimia 67. Sio uongo wa biashara, gawanya mwenyewe kwenye kalkuleta ya simu utapata.

Lakini hiyo nyongeza ipo pale tu muvi yenyewe ilipotengenezewa. Avengers: Endgame ilishutiwa yote kwa kamera za dijitali za IMAX zilizotokana na ile Alexa 65, kwa hiyo kwenye IMAX ilijaa 1.90 na kwenye kumbi nyingine ikakatwa ikawa 2.39. Dune: Part Two ya 2024 ilienda mbali zaidi, ilikuwa na 1.43 kwa kumbi zinazoweza, 1.90 kwa IMAX nyingine, na 2.39 kwa kumbi za kawaida. Upande wa pili zipo muvi kibao zinaingia IMAX bila hata sentimita moja ya nyongeza, ni 2.39 ile ile imewekwa katikati ya skrini ndefu, juu kumebaki utupu na chini utupu, na wewe umelipia tiketi ya IMAX kuangalia utupu.

Kwa hiyo kwenye IMDb soma mistari ya uwiano yote. Kukiwa na 1.90 au 1.43 na wameandika pembeni ni ya IMAX, andika pointi kwa IMAX. Ukikuta 2.39 peke yake, IMAX imepoteza silaha yake kubwa na unaenda hatua ya 3 ukiwa na mawazo ya Dolby. Nembo ya Filmed for IMAX kwenye bango nayo inasaidia, maana tangu 2020 IMAX wana orodha ya kamera za dijitali walizozipitisha kwa kazi hiyo, zikiwemo Alexa LF, Venice na RED, na muvi yenye nembo hiyo kwa kawaida inakuja na picha iliyofunguka, yaani iliyoongezeka juu na chini.

Na usichanganye ukubwa wa skrini na umbo. Pale Leonberg Ujerumani kuna ukumbi wa Traumpalast, ulifunguliwa na skrini yake kubwa ya IMAX 2022, upana mita 38.8 na kimo mita 21, kubwa kuliko IMAX nyingine yoyote duniani, lakini umbo lake ni 1.90. Skrini ya BFI IMAX pale Waterloo London ni ndogo kwa upana, mita 26, lakini kimo mita 20, hiyo ndo sura ya 1.43. Muvi yenye sehemu za 1.43 ukiiona Leonberg utaona kitu kikubwa mno ila kilichokatwa juu na chini. Watu wamesafiri nchi kwa nchi bila kulijua hili.

Hatua ya 3: uliza mwanga unatoka wapi

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye utamu wote. Projekta za zamani zinatumia taa ya zenoni. Taa hiyo ikiwa mpya iko poa kabisa, tatizo inazeeka, ndani ya saa elfu moja mbili hivi inakuwa imeshuka mwangaza na inatakiwa kubadilishwa, na kubadilisha ni hela, sasa mwenye ukumbi mbahili atakuvuta nayo mpaka ipasuke. Kiwango cha sinema ya kawaida ni niti 48 katikati ya skrini, niti ni kipimo cha mwangaza. Ni kidogo eti, flati skrini ya sebuleni kwako inapiga mara kadhaa ya hapo, ila ndani ya giza la ukumbi niti 48 zinatosha kabisa, tatizo ni kwamba kumbi zenye taa iliyochoka hazifiki hapo. Dalili zake ni hizi: nyeupe inakuwa na unjano au ukijivu, matukio ya usiku huoni kitu, sura za watu wenye ngozi nyeusi kama sisi zinapotelea gizani kabisa mpaka unamjua mtu kwa sauti.

Leza haina shida hiyo, inaenda makumi elfu ya saa na inashuka taratibu. Ila leza nazo hazifanani, na hapa ndo mabango ya ukumbini yanakuchanganya. Kuna leza ya fosfori, inatumia leza ya bluu kupiga kipande cha fosfori ndo mwanga utoke, hiyo faida yake ni mwangaza usioyumba lakini rangi na weusi wake haziko mbali na zenoni nzuri. Kisha kuna leza halisi ya rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu kila moja na leza yake, hiyo rangi zake zina kina kingine kabisa. Ukumbi ukiandika leza tu, mara nyingi ni ya kwanza.

Dolby Cinema wao wanatumia projekta mbili za leza halisi zikimwaga picha moja, mwangaza niti 108, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Ila mwangaza sio hoja kubwa, hoja kubwa ni weusi. Projekta ya kawaida tofauti kati ya nyeupe yake na nyeusi yake ni kama 2000 kwa 1, Dolby wanatangaza 1,000,000 kwa 1. Hata ukiipunguza hiyo namba ya matangazo, macho yanakubali, sehemu nyeusi inakuwa nyeusi kweli kweli, mpaka mistari ya juu na chini ya skrini inapotea hujui mpaka wa picha ni wapi. Na kamera za dijitali za leo zinashika maelezo mengi sana gizani, muvi ya angani au ya usiku iliyoshutiwa kwa Alexa ina vitu kwenye vivuli ambavyo projekta ya kawaida inavimeza vyote. Ila ujue muvi lazima iwe imetolewa kopi yake ya Dolby Vision, yaani iliyowekewa rangi kwa ajili ya mwangaza na weusi huo, hizi kubwa kubwa karibu zote huwa nayo.

IMAX nako kuna madaraja, na kosa lao ni kwamba yote wanayaita IMAX tu. Za dijitali za mwanzo zilianza 2008, projekta mbili za 2K za zenoni, umbo 1.90, na nyingi ziliwekwa kwenye kumbi za kawaida zilizoongezwa skrini kidogo. Mwishoni mwa 2014 ikaja leza ya projekta mbili za 4K, wapenzi wa sinema wanaiita GT, hii ndo pekee ya dijitali inayoweza 1.43. Mwaka 2018 ikaja leza ya projekta moja, 4K, umbo 1.90, kwa kumbi za saizi ya kati. Ukikata tiketi utaona IMAX with Laser, haikwambii ni GT au ile ya projekta moja, kwa hiyo namna ya kujua ni kutafuta picha ya ukumbi mtandaoni uangalie skrini, ikiwa inakaribia mraba ni GT, ikiwa kama tivi ni nyingine. Ukikuta imeandikwa IMAX bila neno leza, fikiria ni zenoni mpaka mtu akuthibitishie vingine.

Na ile milimita 70 kwa muvi ya dijitali? Inapatikana, Dune: Part Two ilitolewa pia kwenye mkanda wa IMAX kwa kumbi chache. Hapo faili limehamishiwa kwenye mkanda, kwa hiyo unaangalia kopi ya faili. Ina raha yake, mwendo wa picha na ulaini fulani, sikatai, na kama chaguo lako jingine ni IMAX ya zenoni ya 1.90 basi chukua mkanda maana utapata umbo zima. Lakini kama mjini kwako ipo GT ya leza, kwa muvi ya dijitali GT ndo inakuonyesha kile walichokiona wenyewe chumbani walipokuwa wanaweka rangi, na siku ya 30 itakuwa vile vile kama siku ya kwanza, wakati mkanda kila ukizungushwa unaokota vumbi na mikwaruzo.

Hatua ya 4: sauti

Fupi. Dolby Atmos ilianza 2012, inabeba mpaka sauti 128 kwa wakati mmoja na kuzigawa kwenye spika mpaka 64 zikiwemo za dari, kwa hiyo helikopta ikipita juu inapita juu. Kumbi za IMAX za leza zina mfumo wao wa chaneli 12 nao una spika za juu, za zamani zina chaneli 6 tu. IMAX inapiga kwa nguvu zaidi, kifua kinatikisika, Atmos inakuwa na usahihi zaidi wa kitu kiko wapi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Atmos sio lazima Dolby Cinema, kuna kumbi za kawaida kabisa zimefungwa Atmos na tiketi yake inazidi kidogo tu. Muvi ya mazungumzo mengi, drama ya familia, usitoe hela ya ziada kwa sababu ya sauti.

Hatua ya 5: chuja 3D, viti vinavyotikisika na mengineyo

3D uliza swali moja, imeshutiwa kwa kamera za 3D au imegeuzwa baadaye kompyutani? Avatar: The Way of Water ya 2022 ilishutiwa 3D yenyewe kwa kamera za Sony Venice na baadhi ya sehemu zake zinaonyeshwa fremu 48 kwa sekunde, ile ukiiona 2D umeikosea adabu. Nyingi zilizobaki ni za kugeuzwa, na bei yake ni mwanga, kwa sababu kichujio cha projekta na miwani vinakula sehemu kubwa ya mwanga wote. Ukumbi wa kawaida wa 3D unabaki na niti 15 hivi, ni sawa na kuingia sinema umevaa miwani ya jua, kibanda umiza chenye tivi ya inchi 55 kina picha angavu kuliko hiyo. Kama lazima 3D, basi iwe ya leza, Dolby Cinema kwa 3D wanabaki na niti 48 ambazo ndo kiwango cha 2D cha kawaida.

4DX ya Wakorea, ile viti vinaruka na maji yanakurushia usoni, ni burudani ya familia, watoto watafurahi, picha yenyewe haijaongezewa chochote. ScreenX inayotandaza picha mpaka kuta za pembeni ni hivyo hivyo, pembeni kunawaka dakika chache chache kisha kunazima. Ziende kwa mara ya pili ya kuiangalia muvi, sio ya kwanza.

Hatua ya 6: amua sasa

Huu ni mpangilio wangu, ubishi ruksa. Muvi ina 1.43 na unafikia GT ya leza, nenda huko usihangaike na kingine. Muvi ina 1.90 na una IMAX ya leza na Dolby Cinema mji mmoja, hapa ndo pagumu: muvi ya mapana, jangwa, ndege, milima, chukua IMAX, muvi ya giza giza, angani, usiku mjini, chukua Dolby, hata kama utapoteza ile asilimia 26. Muvi ni 2.39 tu, Dolby bila mjadala. IMAX ya zenoni dhidi ya ukumbi wa kawaida wa leza wenye Atmos, mimi naenda ule wa leza, isipokuwa muvi imefunguka 1.90 mwanzo mwisho.

Sasa inategemea uko wapi. Aliye New York anajimwaga, AMC Lincoln Square peke yake ina IMAX ya 1.43 na ina Dolby Cinema, jengo moja. London una Science Museum yenye leza ya 1.43 na Odeon Leicester Square ambayo ndo ilikuwa Dolby Cinema ya kwanza Uingereza, 2018. Ndugu zetu wa Dubai wana Dolby Cinema pale Reel, Dubai Mall, na IMAX ya leza VOX Mall of the Emirates, na kuna watu wa Muscat wanaendesha gari mpaka huko wikendi, siwalaumu.

Huku kwetu Nairobi ndo walipata IMAX, pale 20th Century mtaa wa Mama Ngina, na swali la kuuliza dirishani ni lile lile la hatua ya 3, taa au leza, na la hatua ya 2, hii muvi inajaza skrini au haijazi. Kwa wengi wetu wa Dar, Arusha, Mombasa, Kampala na Kigali kinachobaki kwenye chaguo ni ukumbi namba ngapi. Kwenye jengo moja la sinema, iwe Century Cinemax ya Mlimani City au Acacia Mall kule Kampala au kwingine, kumbi hazilingani, muvi mpya kwa kawaida inaanza kwenye ukumbi mkubwa kisha baada ya wiki inasukumwa kwenye ukumbi mdogo wa pembeni. Piga simu au waulize pale kaunta, "samahani dada, hii ya saa moja iko ukumbi namba ngapi, na upi una projekta mpya?" Wale vijana wanajua, wao ndo wanasikia malalamiko kila siku. Chagua 2D, chagua ukumbi mkubwa, basi umeshafanya zaidi ya nusu ya kazi ya mtu wa London mwenye fomati tano.

Hatua ya 7: siti na siku

Hesabu niliyoahidi. Jicho zima la kawaida linaacha kutenganisha pikseli za 2K ukikaa mbali zaidi ya kama mara 1.7 ya upana wa skrini, kwa 4K ni kama mara 0.85. Kwa hiyo skrini ya mita 15 ukikaa mita 26 nyuma huko, 2K na 4K kwako ni kitu kimoja, na mtu aliyekulipisha ziada kwa ajili ya 4K amekula hela yako kihalali. Ukitaka kuifaidi 4K njoo mbele, umbali wa upana mmoja wa skrini.

Kwa ukumbi wa kawaida mimi nakaa katikati ya mstari, theluthi mbili kutoka mbele, hapo ndo karibu na mafundi wanapopimia sauti. IMAX ndefu ya 1.43 usikae mbele kabisa hata kama siti ziko wazi, shingo itakuomba talaka, kaa juu ya katikati macho yako yaelekee theluthi ya chini au katikati ya skrini. Pembeni kabisa epuka hasa kwenye 3D na kwenye skrini zilizopinda.

Siku, wahi. Kumbi za IMAX na Dolby ni chache na kila studio inazitaka, muvi inakaa wiki mbili tatu kisha inaondolewa hata kama bado inajaza, kwa sababu kubwa nyingine imeingia. Ukisema utaiona mwisho wa mwezi utaikuta imeshahamia ukumbi wa kawaida na hapo huna cha kuchagua. Asubuhi siku za kazi tiketi huwa rahisi na ukumbi mtupu.

Hatua ya 8: ukishakaa, tumia trela kukagua

Zile dakika za matangazo na trela sio za kuchati. Angalia maandishi madogo, yana makali au yana ukungu? Nyeupe ni nyeupe? Taa za ngazi zinamulika skrini? Spika za nyuma zinatoa sauti au kimya? Na kama umeingia 2D ila picha ina giza la ajabu, inawezekana wamesahau kichujio cha 3D mbele ya lenzi, hutokea. Usishtuke tu ukiona trela zina mistari meusi pande zote, nyingi zinaletwa kwa umbo tofauti na la muvi, subiri muvi yenyewe ianze uone kama inajaa.

Ukiona tatizo nyanyuka hapo hapo, usimtegemee mwingine, watu mia mnaweza kukaa mnanung'unika na hakuna aliyetoka. Mtafute mhudumu umwambie kwa kifupi, "picha ina ukungu ukumbi namba tatu" au "sauti ya nyuma haitoki", sio "picha mbaya" maana hiyo hawezi kuifikisha kwa fundi. Ikishindikana kurekebishwa omba ubadilishiwe tiketi kwa onyesho lingine, na uombe ndani ya dakika 15 au 20 za mwanzo, ukirudi pale kaunta muvi imeisha na bisi umemaliza utaambiwa pole tu.